Goti likilia, usilale nalo
Mzee wangu wa Lipingo, goti likigoma unapovuta mtumbwi ufukweni, usimsingizie jirani wala baridi ya Ziwa Nyasa. Ndani ya kiungo mna gegedu, kitu laini kinachozuia mifupa kusagana. Umri, unene na mizigo mizito hulila taratibu. Likishalika halirudi kama la ujana. Ila kulala kutwa ndiko kubaya zaidi: misuli ya paja inalegea, goti linazidi kuelemewa. Tembea kidogo kidogo, punguza kitambi, mkongojo ushike kwa mkono wa upande usiouma. Na zile diklofenaki za dukani kila siku? Acha! Zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Goti likivimba ghafla, likawa la moto na homa juu, huo si uzee: wahi zahanati leo leo!