Kutoka Cibitoke hadi Unguja: mpaka umefunguka, mfuko bado

Mfanyabiashara wa Cibitoke anayefuata mzigo Dar es Salaam anaijua njia kwa moyo: Gitega, Muyinga, Kobero, Kabanga, Ngara, Kahama, Singida, Dodoma. Anajua duka gani la Kariakoo linakopesha na lipi linataka fedha taslimu. Kutoka Kariakoo hadi gati la boti za Zanzibar ni mwendo mfupi wa bajaji, lakini mtu mwenye mzigo unaomsubiri hana sababu wala muda wa kuufanya.

Kwa miaka mingi mipaka ya Afrika Mashariki imepimwa kwa malori: mangapi yamepita, kwa saa ngapi, kwa ushuru gani. Kipimo kingine hutajwa mara chache. Mtu yule yule akivuka bila mzigo, akiwa na begi dogo na siku nne za kupumzika kisiwani, je, atapita kwa urahisi ule ulioandikwa kwenye mikataba?

Jibu lina pande mbili. Karatasi zimekuwa rahisi kuliko watu wengi wanavyodhani. Fedha na nauli hazijawa rahisi, na hapo ndipo safari nyingi hufia kabla begi halijafungwa.

Karatasi: nusu ya kazi imekwisha

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, siku moja na Rwanda. Miaka mitatu baadaye, tarehe 1 Julai 2010, Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika. Chini ya itifaki hiyo raia wa nchi mwanachama hupewa kibali cha kuingia nchi nyingine mwanachama bila malipo, na anaweza kukaa hadi miezi sita. Mrundi anayekwenda Zanzibar kutembea hahitaji visa, na hapaswi kulipia muhuri wa Kabanga.

Kinachohitajika ni pasipoti au hati ya kusafiria inayotambuliwa. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana mwaka 2014 raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa peke yake. Tanzania na Burundi hazikuingia katika mpango huo. Karata ya utambulisho inayotosha Bujumbura haitoshi Kabanga.

La pili ni kadi ya njano. Burundi imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Tanzania hudai cheti cha chanjo kwa wanaotoka nchi hizo. Chanjo hii hutolewa mara moja na cheti chake hudumu maisha yote, lakini huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchanjwa. Anayechanja siku ya kuondoka amechelewa.

La tatu huwashangaza wengi. Zanzibar ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano, lakini mgeni anayeshuka kwenye boti bandarini Malindi hupita tena kwenye meza ya uhamiaji. Pasipoti isiachwe Dar es Salaam kwa mwenyeji wala ndani ya begi la dukani. Aidha, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inawataka wageni kutoka nje ya nchi wanunue bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo kwa mtu mzima ni dola 44. Kwa mtu aliyepanga siku nne kwa bajeti ya kubana, hiyo inaweza kuwa bei ya siku moja nzima. Ni vyema kuulizia bima hii kabla ya kukata tiketi ya boti, si baada ya kufika gatini.

Faranga inakwenda wapi

Hapa ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kwa zaidi ya theluthi moja dhidi ya dola. Bei rasmi ikapanda kutoka takriban faranga 2,000 hadi kukaribia 2,900 kwa dola moja. Nia ilikuwa kuziba pengo kati ya bei ya benki na bei ya mtaani. Pengo halikuzibika. Mwaka 2025 dola mtaani ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei rasmi.

Chukua mfano wa safari ya dola 300. Kwa bei rasmi ya faranga 2,900, msafiri anahitaji faranga 870,000. Dola hiyo ikipatikana kwa bei iliyo mara mbili, safari ile ile inahitaji faranga 1,740,000. Boti haikupandisha nauli, wala nyumba ya wageni haikuongeza bei ya chumba. Tofauti yote imeliwa kabla msafiri hajatoka Bujumbura. Na kununua fedha za kigeni nje ya benki na maduka yaliyoidhinishwa ni kuvunja sheria, hivyo anayefanya hivyo hubeba hasara na hatari kwa pamoja.

Katika hili mfanyabiashara wa mpakani ana nafuu ambayo mfanyakazi wa mshahara hana. Anayeuza bidhaa upande wa Tanzania na kulipwa kwa shilingi ana fedha ya safari isiyopitia kwenye dola. Kwake faida ya shilingi inaweza kulipa chumba Unguja bila kubadilishwa mara mbili. Kila ubadilishaji una mkato wake. Kutoka faranga hadi dola, kisha kutoka dola hadi shilingi, ni kulipa ushuru mara mbili kwa safari moja.

Kuna jambo jingine linalomsaidia. Machi 2025 Tanzania ilitoa kanuni zinazokataza bidhaa na huduma za ndani kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika maeneo machache yaliyotajwa. Mgeni anayetajiwa bei ya chumba kwa dola ana haki ya kuuliza bei ya shilingi.

Njia ndefu, boti fupi

Kwa barabara, Bujumbura hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,500. Uhaba wa mafuta ulioisumbua Burundi kwa miaka kadhaa umeifanya nauli ya sehemu ya kwanza ya safari isitabirike, hivyo busara ni kuweka akiba kwa ajili ya kipande cha Bujumbura hadi Kobero. Mpaka wa nchi kavu na Rwanda ulifungwa na Burundi Januari 2024, jambo lililowaondolea wasafiri wa kaskazini njia ya Kigali. Zimebaki njia mbili kubwa za kwenda Tanzania: Kobero na Kabanga upande wa kaskazini-mashariki, na Mugina na Manyovu upande wa kusini, njia ya kwenda Kigoma.

Anayepita Kigoma anaweza kupanda treni ya Reli ya Kati hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Anayepita Kabanga anaweza kushuka Dodoma na kumalizia kwa treni ya umeme iliyoanza kufanya kazi kati ya Dar es Salaam na Dodoma katikati ya mwaka 2024. Kipande hicho sasa kinachukua saa nne hivi. Agosti 2025 ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati ulizinduliwa. Reli hiyo ikikamilika itaifikia Burundi, ingawa inajengwa kwanza kwa ajili ya madini na mizigo. Abiria hajawekwa mbele.

Ndege ipo kwa anayeweza. Uwanja wa Melchior Ndadaye uko upande wa kaskazini-magharibi wa jiji, si mbali na Cibitoke. Lakini tiketi ya ndege huhesabiwa kwa dola, na hesabu ya faranga inarudi pale pale.

Kutoka Dar es Salaam, boti ya kasi hufika Unguja kwa takriban saa mbili. Baada ya siku mbili za basi, kipande hicho ndicho kifupi kuliko vyote, na ndicho ambacho mgeni hulipishwa nauli kubwa kuliko mkazi.

Mgeni ni nani?

Suala la bei mbili linagusa moyo wa Jumuiya yenyewe. Katika hifadhi za taifa za Tanzania bara, raia wa Afrika Mashariki ana daraja lake: hulipa kiingilio kwa shilingi, na ni sehemu ndogo sana ya anacholipa mtalii wa Ulaya. Hapo Mrundi anatambuliwa kuwa mtu wa nyumbani. Lakini katika huduma nyingi za watu binafsi kuna madirisha mawili tu, la mkazi na la mgeni. Mama wa Cibitoke anasimama kwenye dirisha moja na mtalii wa Hamburg.

Jumuiya iliona tatizo hili. Desemba 2021 ilizindua kampeni ya utalii iitwayo Tembea Nyumbani, iliyowahimiza wenye hoteli na wasafirishaji kuwatoza raia wa nchi wanachama bei za wenyeji. Himizo si sheria. Anayetaka kufaidi analazimika kuuliza mwenyewe, tena mapema, akiwa na pasipoti ya Afrika Mashariki mkononi. Wanaouliza wakiwa wengi, dirisha la tatu litafunguliwa. Wakikaa kimya, bei ya mgeni itaendelea kuwa bei yao.

Mfano kutoka Mediterania

Ulinganisho na visiwa vya mbali unasaidia. Mrundi anayetaka kupumzika Malta, kisiwa kidogo cha Bahari ya Mediterania, anahitaji visa ya Schengen. Ada yake ilipanda hadi yuro 90 Juni 2024 na hairudishwi ombi likikataliwa. Anaongeza taarifa za benki, bima na uthibitisho wa hoteli. Zanzibar imemwondolea mlango huo wote.

Lakini Mmalta mwenyewe anasafiri vipi? Akitaka kwenda kisiwa jirani cha Sicily, nchini Italia, hupanda boti ya kasi kutoka Valletta hadi Pozzallo. Safari inakaribia saa mbili, sawa na ya Dar es Salaam hadi Unguja. Hubeba kitambulisho cha taifa. Fedha iliyo mfukoni mwake asubuhi Malta ndiyo anayolipia chakula cha mchana Sicily, kwa sababu Malta ilianza kutumia yuro mwaka 2008.

Afrika Mashariki ilitia saini Itifaki ya Umoja wa Fedha tarehe 30 Novemba 2013, ikilenga sarafu moja ifikapo 2024. Mwaka huo umepita na lengo limesogezwa hadi 2031. Kwenye vikao, kuahirisha huko ni mstari mmoja wa taarifa. Kwa muuza vitenge wa Cibitoke ni ile nusu ya fedha ya safari inayopotea kwenye chenji.

Tahadhari kwa anayetaka kuchanganya

Kishawishi cha kwanza cha mfanyabiashara ni kulipia likizo kwa kubeba chochote cha kuuza. Hapo kuna mtego. Julai 2025 Tanzania ilitangaza aina 15 za biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, zikiwemo za rejareja na jumla, uwakala wa fedha kwa simu, utengenezaji wa simu, saluni na uongozaji watalii. Agizo hilo lilizua malalamiko ndani ya Jumuiya, lakini lipo. Kununua na kurudi nyumbani ni jambo moja. Kutandaza bidhaa Darajani ukiwa na kibali cha mtembezi ni jambo jingine, na gharama yake inaweza kuwa faini, bidhaa kutaifishwa na kurudishwa mpakani.

Wakati nao una bei yake. Julai hadi Septemba na sikukuu za Desemba ni misimu ya watalii wengi, na vyumba hupanda. Masika ya Aprili na Mei hushusha bei, ingawa mvua hufunga baadhi ya hoteli za pwani. Juni, mvua ikiisha na watalii hawajajaa, ni mwezi wa kuangalia. Desemba, ambao kwa mtu wa ofisini ndio wa likizo, kwa mfanyabiashara ni mwezi wa mauzo, na hakuna bahari inayolipa duka lililofungwa wiki ya Noeli. Mwezi wa Ramadhani Unguja hubadilika mchana: migahawa mingi ya wenyeji hufungwa hadi jua lizame, na mgeni anatarajiwa kuheshimu.

Fedha yote isikae kwenye simu. Baada ya uchaguzi wa Tanzania wa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, na mtu aliye ugenini bila noti mfukoni alikuwa na shida maradufu.

Kiswahili kilifika ufukwe wa Tanganyika na misafara ya biashara kutoka pwani, kupitia Ujiji. Mtu wa Cibitoke akishuka Malindi hahitaji mkalimani, na hilo ni jambo ambalo mtalii wa Ulaya hawezi kulinunua. Kinachobaki ni cha mawaziri: kitambulisho kitambuliwe Kabanga kama kinavyotambuliwa kati ya Kenya na Uganda, bei ya raia wa Jumuiya iwe kanuni badala ya ombi, na faranga ibadilishwe na shilingi moja kwa moja benki, bila kupitia dola. Hadi hapo, anayepanga safari aanze na chanjo, aulize bei ya shilingi, na aweke kando nauli ya kurudi kabla ya kulipia chumba.