Starlet au IST: tuangalie usukani kwanza

Hapa Goma, ukitafuta gari ndogo ya mjini, mafundi watakuambia mara moja: nunua Toyota IST, achana na Starlet. Kuhusu injini sina ubishi nao. Starlet iliacha kutengenezwa mwaka 1999, na nyingi za miaka ya 80 zinatumia kabureta, yenye kusumbua vumbi letu likiingia. IST ilitoka mwaka 2002; mafuta yake yanapimwa na kompyuta, na ina mifuko ya hewa.

Lakini IST nyingi tulizo nazo ziliundwa kwa ajili ya Japani, ambako magari hupita upande wa kushoto. Usukani uko kulia, nasi tunapita kulia! Dereva akitaka kulipita lori haoni mbele, humuuliza abiria aliye kando yake, "Njia iko wazi?" Abiria huyohuyo atashukia katikati ya barabara, pikipiki zikimpita.

Wengine huhamisha usukani gereji. Sijaona gereji ya hapa iliyouhamisha pamoja na mfuko wake wa hewa.

Starlet zilizotoka Ubelgiji zina usukani kushoto. Nikipata moja iliyotunzwa, nanunua hiyo, na kabureta nitaisafisha.