Kabla gunia kwenda kwa mizani, tutoe fungu la mtoto

Ndugu wanachama, kila asubui watoto wetu wadogo wanaenda ku masomo na kipande cha muhogo: leo muhogo, kesho tena muhogo. Lakini mu depo yetu kuko maharagi, soja na karanga. Vyote tunauzisha.

Muhogo unashibisha, lakini peke yake haujengi mwili. Bwaki tunaijua hapa Kivu. Inakamata hata mtoto wa mkulima.

Kubadilisha chakula si mambo ya matajiri. Siku moja tumufungie kiazi kitamu cha rangi ya machungwa na karanga. Siku ingine ndizi na maharagi yaliyopikwa asubui ileile, yasichache. Siku ingine mahindi na yai ao sambaza kavu. Papai ao avoka iongezwe kama iko.

Wengine watauliza: sabuni na daftari tutanunua na nini? Hatukatazi kuuza. Tunaomba kila nyumba itoe kwanza kilo chache za watoto, kisha gunia lipimwe. Mtoto mwenye njaa anasinzia darasani, na ile daftari inabaki nyeupe.

Tulizungumuze ku mkutano ujao, mbele ya mavuno.