Eti akifika miaka saba ni wa baba... nani kasema?

Najua nilipotea, test zilibana na bumu likachelewa, mambo mawili ambayo binadamu hapaswi kuyabeba wiki moja. Leo siandiki habari za kampasi. Nina hasira, na nimeona bora nizimwage hapa kuliko kuzimwaga kwenye ukoo.

Kuna sentensi inatembea Pwani nzima, kuanzia Maili Moja mpaka Maneromango, na kila anayeisema anaisema kama kaisoma mahali: "mtoto akifika miaka saba anarudi kwa baba yake." Utaisikia kwenye daladala, utaisikia kwenye vikao, utaisikia hata kwa watu wenye digrii zao. Mimi nasema ni uongo, tena ni uongo unaohamisha watoto wa watu.

Nianze na sheria maana ndiyo inayosingiziwa. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakimu akiamua mtoto akae na nani, kitu cha kwanza kabisa ni ustawi wa mtoto mwenyewe. Baada ya hapo anaangalia wazazi wanataka nini, mtoto anataka nini kama ana umri wa kujieleza, na mila za jamii yao. Hiyo saba imo, sikatai. Ila imo hivi: mtoto wa chini ya miaka saba inachukuliwa kwamba ni vyema akae na mama, mpaka mtu alete sababu za kuonyesha vingine. Basi! Hakuna mstari unaosema siku akitimiza saba begi lifungwe. Kinachoondoka ni ule upendeleo wa kuanzia tu, wazazi wote wawili wanasimama sawa mbele ya hakimu. Na kifungu hichohicho kinamkumbusha hakimu ubaya wa kumvuruga mtoto kwa kumhamisha-hamisha. (Mwenzangu wa chumbani anasoma sheria, nimemkesha na maswali. Kaniomba niandike kwamba yeye bado si wakili.)

Kwa nini nimechachamaa? Dada yangu anaishi Kibaha na binti yake, yuko darasa la pili. Ndoa ilivunjika zamani, na amri ya mahakama ipo, ina muhuri: mtoto akae na mama, baba amwone wikiendi mbili kwa mwezi na nusu ya likizo. Mtoto katimiza miaka saba mwezi uliopita. Jumamosi tukaitwa kikao Kisarawe kwa wazee wa upande wa baba. Tukapokelewa vizuri, chai na mihogo ya nazi, wala siwasemi vibaya kwa hilo. Chai ilipokwisha tukaambiwa nafasi ya shule imeshapatikana hukohuko Kisarawe na sare zimeshashonwa. Yaani hatukuitwa kushauriana, tuliitwa kuarifiwa! Dada akatoa ile amri kwenye mkoba. Mzee mmoja akaitazama, akairudisha: "Hii mwanangu ilikuwa ya alipokuwa mdogo."

Jamani, amri ya mahakama haichachi kama tui! Inakaa mpaka mahakama yenyewe iibadilishe, na sheria imeacha mlango kwa hilo. Kama mambo yamebadilika kweli, mama kaugua, kahama, mtoto hasomi, baba anarudi kwa hakimu kuomba ibadilishwe. Tena aliyepewa kukaa na mtoto ndiye anayeamua mambo ya malezi na elimu yake, labda hakimu awe ameweka masharti mengine. Kwa hiyo kuchagua shule halikuwa la kikao. Na msinione nakuza, angalieni njia. Kibaha na Kisarawe zote ni Pwani, kwenye ramani zimepakana, lakini kwa daladala unazunguka Mbezi, Gongo la Mboto, Pugu ndiyo ufike. Mtoto akihamia huko hamuoni mama yake jioni. Hamuoni Jumatano. Anakuwa mgeni kwao.

Hoja iliyofuata ilikuwa pesa. "Mimi ndiye ninayetuma," kasema shemeji, na kweli anatuma, hata simu kaitoa akatuonyesha meseji. Shemeji, nakuheshimu, lakini sheria inampa baba wajibu wa kumtunza mtoto wake hata kama mtoto anakaa kwa mtu mwingine. Ni wajibu, siyo hisa kwenye kampuni. Mbona Bodi ya Mikopo inanipa mimi bumu na haijawahi kuja kuniamulia nilale chumba gani?

Halafu ikaja mila. Hapa ndipo nilipotaka kucheka kikaoni. Mila ya nani? Wazaramo na Wakwere, wenyeji wa maeneo haya haya, tangu zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Lile tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 linaloegemea upande wa baba liliandikwa kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, siyo kwa hawa. Tukisema turudi kwenye mila kwelikweli basi mwenye neno zito pale ningekuwa mimi, mjomba! Na mimi siutaki huo ukubwa, hata ada yangu sijamaliza.

Na dini je? Wengi wetu Waislamu wa huku ni Shafi, na Shafi inasema mtoto akifika umri wa kupambanua mambo, ambao ndiyo hiyo kama miaka saba, aulizwe achague baba au mama. AULIZWE. Watu wameshika namba saba wakaliacha swali.

Akina mama msinipigie makofi mapema. Wapo wanaomficha mtoto kwa sababu baba kaoa tena, simu inazimwa kila Ijumaa jioni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kumtembelea na kukaa kwa mzazi mwingine anapotaka, mradi masomo yasivurugike. Dada yangu mwenyewe nimemwambia: likizo ikifika mtoto aende Kisarawe, hata kama umemkasirikia baba yake mpaka machozi. Hakupenda.

Sheria hiyohiyo ya 2009 inasema mtoto anayeweza kutoa maoni asikilizwe kwenye maamuzi yanayomhusu. Kikao chetu kilichukua saa tatu. Binti alikuwa uani anacheza rede na watoto wa shangazi yake, sauti yake tunaisikia mpaka ndani, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyetoka kumuuliza anataka kusoma wapi. Nilimuuliza mimi kwenye daladala tukirudi. Jibu lake silileti hapa, ni lake, atamwambia anayepaswa kulisikia.

Jumatatu dada anaenda kwa afisa ustawi wa jamii na amri yake, na tumeshamwarifu shemeji ili asije kusema kazungukwa. Shule zinafunguliwa wiki mbili zijazo. Sare bado ziko Kisarawe.

Wenye hoja ya kunipinga karibuni, hasa nyie wa sheria. Nawahi kantini kabla wali haujaisha.