Ukumbi wa Jamaa: Tikiti ya Usiku

Jamaa inayokusudia kuhudhuria karamu ya Halloween, sikukuu ya mizuka, katika bustani ya Magic Kingdom huko Florida, Marekani, haina budi kutambua kwamba tikiti ya mchana haifai usiku. Karamu huanza saa 1 jioni na kwisha saa 6 usiku. Asiye na tikiti yake hutolewa, hata mtoto akilia. Mwenye nayo huingia tangu saa 10 alasiri. Basi heri watoto walale mchana kuliko kulipiwa viingilio viwili. Aliyetimiza miaka 14 haruhusiwi barakoa, na hakuna aruhusiwaye bunduki ya bandia ifananayo na ya kweli. Askari ataelewa sababu. Mpanda farasi asiye na kichwa atanguliapo gwaride, mtoto mwoga na apakatwe.