Runinga Janja: Kabla ya Kuuliza Jina, Uliza Fundi Yuko Wapi



Najua hapa tumezoeana kwa mbegu, viuatilifu na bei za mazao. Leo natoka kidogo shambani kwa sababu kuna swali linanifuata kila msimu huku Kusini. Minada ya korosho ikianza Oktoba na fedha zikishaingia kwenye akaunti, mtu ananipigia simu akiwa dukani, Mtwara mjini au Kariakoo: "Bwana shamba, nichukue Samsung au hii Hisense? Na kuna nyingine hapa, bei yake nusu."

Nalijibu swali hilo kwa uzito wote, maana fedha ya runinga inatoka kwenye mfuko uleule wa palizi na ada za watoto. Ila naona wengi tunalianzia mwisho. Tunabishana jina, ilhali jina linasema machache kuliko tunavyodhani. Samsung iliacha kutengeneza vioo vya LCD mwaka 2022, kwa hiyo kioo cha runinga yake ya kawaida kinanunuliwa kwa viwanda vingine, vikiwemo vya China. Runinga za Toshiba nazo zimekuwa chini ya Hisense tangu 2018. Ni kama mfuko wa mbegu. Picha ya hindi kubwa haioti, lazima ugeuze mfuko utafute lebo ya TOSCI. Na runinga igeuze vilevile.

Jina linakusaidia sehemu mbili tu: mfumo ulio ndani, na vipuri.

Tuanze na mfumo, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia. Samsung hutumia Tizen, LG hutumia webOS, Hisense nyingi zina VIDAA, na TCL na Sony nyingi zina Google TV. Yote hiyo inafungua YouTube na Netflix bila shida. Tatizo ni zile za bei ya chini sana, ambazo boksi limeandikwa Smart na Android kwa maandishi makubwa, lakini ndani ni Android tupu ambayo Google haijaithibitisha. YouTube unayoikuta humo mara nyingi ni ile ya simu, unahangaika kuisogeza kwa mshale wa rimoti, na Netflix inaweza kugoma kabisa. Halafu kuna jambo zito zaidi. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu vifaa vya namna hii, hasa visanduku vidogo vya kuchomeka kwenye runinga. Baadhi vilikutwa na programu hasidi tangu kiwandani, na wahalifu walikuwa wanapitia intaneti ya mwenye nyumba. Wewe mwenye duka unayefanya uwakala wa fedha kwa simu hiyohiyo unayowashia hotspoti, mimi nisingekushauri ukiweke kifaa hicho karibu nayo.

Kuutambua mfumo ni rahisi. Ukiwa dukani washa hotspoti ya simu yako, unganisha runinga, fungua YouTube mwenyewe. Muuzaji akikuambia "hapa mtandao hausumbui, nyumbani itafanya tu", toka.

Sasa vipuri. Kinachokufa mara nyingi kwenye hizi runinga ni taa ndogo za LED zilizopangwa kwa mistari nyuma ya kioo. Sauti unaisikia, picha ni giza, na ukimulika tochi kwa karibu unaiona kwa mbali. Taa hizo zinabadilishwa, na gharama yake inavumilika, mradi zipatikane. Kioo kikipasuka ni habari nyingine, maana bei yake hukaribia ya runinga nzima. Kwa hiyo kabla hujapanda basi kwenda kununua, nenda kwa fundi wa mji wa karibu, Masasi au Nachingwea au popote ulipo, umuulize swali moja: taa na bodi za kampuni gani unazipata ndani ya wiki? Jibu lake lina thamani kuliko matangazo yote. Na ukishanunua, ingia kwenye mipangilio upunguze mwanga wa kioo, kwa sababu taa zinazowaka kwa nguvu zote hufa mapema.

Msimamo wangu ni huu. Kwa nyumba ya kijijini, kama bei zinakaribiana, ningechukua Hisense au TCL ya inchi 43 kuliko Samsung ya inchi 32, kwa sharti kwamba fundi yule amesema vipuri vipo. Akisema anavyovipata ni vya Samsung na LG peke yake, nachukua ndogo na silalamiki.

Umeme pia uangalie. Nyuma kuna stika ya wati. Inchi 43 nyingi ziko kati ya 70 na 100. Ya wati 80 ikiwaka saa tano kwa siku ni uniti 12 kwa mwezi, na kwa walio kwenye tarifu yenye kikomo cha uniti 75 hilo si dogo. Anayetumia sola ahesabu zaidi: betri ya kawaida ya asidi ya 12V na 100Ah, ukiitumia nusu ili isife haraka, inatoa kama wati-saa 600, na inveta nayo inakula sehemu yake. Kwake inchi 32 inayopokea 12V moja kwa moja inatosha.

Bando nalo. Kwa maelezo ya Netflix yenyewe, saa moja ya picha ya kawaida inafika GB 1, na ya HD inafika GB 3. Kama huwezi kununua bando hilo mara kwa mara, huo ujanja wa runinga unaulipia bure. Runinga ya kawaida na king'amuzi vinakutosha, na mpira utauona.

Wenye vibanda vya kuonyeshea mpira, nyie ongezeni jaribio moja: simameni pembeni kabisa ya runinga dukani. Picha ikipauka, wateja wa benchi la pembeni watawahama.

Mwisho kabisa, dai risiti ya EFD na kadi ya waranti yenye mhuri wa duka. Boksi lisafiri likiwa limesimama, lisilazwe chini ya magunia kwenye basi. Kwenye bodaboda akae mtu nyuma alishike.