Bibi Aliyetoka Mbali

Juma hili tunazungumza juu ya bibi aliyeolewa mbali na kwao, na jinsi hadithi na vitabu vinavyomwonyesha. Tumechagua hadithi kwa sababu mambo ya nyumba ni magumu kusema waziwazi. Ukimtaja jirani, kesho ni ugomvi. Ukimtaja mtu wa hadithi, kila mmoja anajitazama humo kimya kimya.

Kwetu jambo hili si geni. Mrega anaoa Mshi, msichana wa Kihavu anaolewa kwa Babembe, mtumishi aliyetumwa huku kutoka Kasai anaoa binti wa hapa. Ndege inamshusha bibi arusi Shabunda na mzigo wake mmoja, na tangu siku hiyo lugha ya jikoni si ile ya mama yake.

Tuanze na hadithi ya karibu. Wanyanga wa Walikale, majirani zetu wa kaskazini, wana hadithi ndefu ya Mwindo. Msimulizi Candi Rureke aliisimulia na kuiimba mwaka 1956, na kitabu chake kikatoka mwaka 1969. Watu humsifu Mwindo kwa ushujaa. Sisi tunawaomba mmtazame shangazi yake, Iyangura. Ndugu yake Shemwindo, mkubwa wa kijiji cha Tubondo, alimwoza kwa Mukiti, nyoka wa maji. Kuna ndoa ya mbali kupita hiyo? Hata kabila si moja, ni nchi kavu na maji. Na huko alikoolewa aliwekewa mlinzi, Kasiyembe.

Shemwindo alikuwa amewakataza wake zake kuzaa mtoto wa kiume. Mwindo alipozaliwa, baba alijaribu kumwua, mwisho akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mtoto yule alikwenda kumtafuta nani? Shangazi yake. Ni Iyangura aliyeipasua ngoma akamtoa. Na siku baba na mtoto walipopatanishwa mbele ya watu, Iyangura alikuwa ameketi pamoja nao, akasema, akamlaumu ndugu yake kwa ubaya aliomtendea mtoto. Hakuna aliyemwambia, "Wewe uliisha kuolewa, nyamaza."

Wazee waliosimulia hadithi hii walijua jambo moja: binti aliyetolewa mbali hajapotea. Kwao bado ana kiti, na nyumba yake ya ugenini yaweza kuwa kimbilio la mtoto wa ndugu yake. Sisi leo mara nyingi tunafanya kinyume. Tukiisha kupokea mahari, tunasema binti ni wa watu wengine. Na wale watu wengine wanasema ni mgeni. Basi anabaki katikati kama mtu aliyekwama kwenye mtumbwi, ng'ambo zote mbili zinamkataa.

Sasa twende Senegali. Mariama Bâ alikuwa mwalimu kama sisi kabla ya kuandika vitabu viwili vilivyosomwa sana. Katika kile cha kwanza, Une si longue lettre, cha mwaka 1979, kuna mama aitwaye Aïssatou. Hakutoka mbali hata kidogo: nchi moja na bwana yake, dini moja. Lakini baba yake ni mfua vito, na bwana yake ni wa ukoo mkubwa. Mama mkwe hakukubali kamwe. Alimlea msichana wa damu yake mwenyewe, kisha akamleta awe bibi wa pili wa mwanawe. Aïssatou aliondoka na watoto wake wanne wa kiume. Tazameni basi: ugeni haupimwi kwa kilometa. Mtu anaweza kuzaliwa mtaa wa pili na bado akafanywa mgeni.

Kitabu cha pili, Un chant écarlate, kilitoka mwaka 1981, mwaka uleule mwandishi alipofariki. Humo Mireille, binti wa Ufaransa, anaolewa na Ousmane wa Dakar. Baba yake mzungu anaikataa ndoa. Mama mkwe, Yaye Khady, naye anaikataa. Bwana yake anamwoa mwanamke mwingine kwa siri. Mireille anapoteza akili, anamwua mtoto wake mwenyewe. Ni kitabu kichungu.

Lakini tusikimbilie kumtupia mawe Yaye Khady peke yake. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi akingoja siku ambayo mke wa mwana atamwondolea sufuria mikononi. Alikuwa na hofu ya kupoteza mtoto. Wamama wangapi kati yetu wana hofu hiyohiyo? Tatizo ni kwamba hakuna aliyeketi na hao wawili kuwafasiria. Aliyejua lugha zote mbili, desturi zote mbili, alikuwa Ousmane. Naye alinyamaza, kisha akaenda kutafuta raha pengine. Kwa maoni yetu, hapo ndipo nyumba ilipobomokea. Bwana aliyeleta bibi kutoka mbali ameleta pia kazi ya kuwa mkalimani, na kazi hiyo haiishi siku ya arusi.

Tukirudi kwetu, kuna mambo tunayoweza kufanya bila kungoja mtu wa nje.

Kwanza, tukiwa na mke wa mwana jikoni, tusigeuze lugha makusudi ili asisikie. Tumfundishe Kirega polepole, na tusicheke makosa yake. Yeye naye akipika sombe kwa namna ya kwao, tuonje kabla ya kusema.

Pili, watoto wasikie lugha ya mama yao. Darasani tunaona mtoto anayeona haya mama yake akija shuleni, kwa sababu nyumbani amesikia wakubwa wakimcheka namna anavyosema. Haya hiyo hakuzaliwa nayo, amefundishwa.

Tatu, na hili ndilo zito: ndoa iandikwe kwa etasivili. Bibi wa mbali akifiwa na bwana, hana kaka karibu wa kumsemea. Ndipo maneno yanapoanza: "Rudi kwenu, acha nyumba." Sheria ya familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987, iliyosahihishwa mwaka 2016, inampa mjane haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyokaa na bwana yake. Haiulizi kabila lake. Lakini mbele ya hakimu, karatasi ya ndoa ndiyo shahidi asiyeogopa wakwe. Mahari ni heshima kubwa, tuitoe. Karatasi nayo tuitafute bwana angali hai.

Nne, wazazi mliooza mbali, msikate kamba. Salamu kwa simu, safari moja nafasi ikipatikana, kumwita katika mambo makubwa ya ukoo. Iyangura aliweza kusema mbele ya watu kwa sababu kwao hawakumwondoa kiti.

Katika mkutano wa kikundi juma hili, tunapendekeza maswali mawili. Kati yetu, nani alizaliwa mbali kuliko wote, na mtu wa kwanza kumpokea vizuri hapa alifanya nini? Na ni bibi gani wa mtaani kwetu ambaye hatujawahi kumwita kwenye kikundi hiki? Jibu la swali la pili msilitangaze. Mwendeeni tu, mkamwalike.

Tubaki na amani, hadi juma lijalo.